KENGELE INAYOLIA BURE

Hotuba iliyotolewa mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka, kwa ombi la Klabu ya Sayansi ya shule. Imechapwa kama ilivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa mwishoni.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mlioketi karibu na mlango ili mpate kutoroka mapema:

Nilipoletewa barua ya Klabu ya Sayansi kuniomba niseme juu ya vitambuzi vya mwendo, nilidhani wamekosea mtu. Mimi nimestaafu. Kwa miaka zaidi ya thelathini kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio na mitambo ya simu, na vitu hivi vidogo vya siku hizi nimevijua uzeeni. Lakini barua ilieleza kwamba kengele waliyoiunda vijana kulinda chumba cha vifaa inalia usiku wakati hakuna mtu, na kwamba mlinzi sasa anaizima akianza zamu. Niliposoma hayo nikajua hawakukosea. Jambo hilo limenipata mwenyewe, limemgharimu dada yangu, na aliyelisababisha ni mimi.

Wenzangu wa miaka ya sabini mnakumbuka kengele yetu: kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini na nondo ya kugongea. Kasoro yake ilikuwa moja tu, yaani kulia saa kumi na moja alfajiri. Haikupata kulia bila sababu, maana aliyeigonga alikuwa kiranja wa zamu, na kila mtu alimjua. Kengele ya siku hizi haina kiranja. Inaamua yenyewe, na ikiamua vibaya haina wa kumwonea haya.

Sasa niwape habari yenyewe. Dada yangu mkubwa anakaa nje kidogo ya mji wa Singida, upande wa barabara iendayo Ilongero. Ni mjane. Anafuga kuku wa kienyeji, na ninyi mnajua kuku wa Singida anavyotafutwa Dodoma hata Dar es Salaam. Kwa kuku hao alikuwa akimsomesha binti yake wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa Kidato cha Tatu. Mwezi wa Novemba 2020 nilikwenda kumtembelea, nikamfungia king'ora bandani. Nilijisifu sana. Niliweka kitambuzi kile cha bei nafuu kiitwacho HC-SR501, bodi ndogo ya Arduino, rilei, king'ora, taa ya halojeni ya volti 12, na moduli ya simu ya SIM800L ya kutuma ujumbe kwake na kwangu. Umeme ulitoka kwenye betri ya pikipiki iliyochajiwa na jua. Nilijaribu mchana, mara tatu, kikalia mara tatu. Nikala kuku, nikapanda basi.

Miezi ya kwanza kililia bure mara chache, tukasema ni mbwa. Ulipofika Juni 2021, upepo ulianza kuvuma kwa nguvu na usiku ukawa wa baridi. Kikaanza kulia mara nne, mara sita, mara nane kwa usiku. Majirani walitoka na marungu usiku wa kwanza. Wa pili walitoka wachache. Wiki ilipokwisha hawakutoka tena, na mmoja alimwambia dada, kwa heshima lakini bila kuficha, kwamba kitu chake kinawanyima watoto usingizi. Ujumbe ulikuwa ukinifikia pia. Nilikuwa nikiusoma kitandani, nikageukia upande wa pili. Siku moja dada akanipigia akasema, "Mdogo wangu, kitu chako kimenichosha." Akang'oa waya. Usiku wa tatu baada ya hapo wezi wakaja, wakachukua kuku 31.

Kuku si mwisho wa habari. Watu walianza kuulizana, nani alijua kwamba king'ora kimezimwa? Lawama ikamwangukia kijana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi za jirani, kwa kuwa alikuwa akipita pale kila jioni na kusalimia. Dada alikataa kabisa kumshitaki, lakini maneno hayakukoma. Kijana yule alihama. Hakuna aliyepata kuonyesha ushahidi wowote juu yake. Kwa hiyo vijana mnaponiambia kwamba kengele yenu inalia bure na "si tatizo kubwa", niwieni radhi nisipocheka.

Nilirudi Agosti mwaka huo huo nikiwa na mfuko wa vifaa, nikakaa wiki tatu. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza, na mengi aliyagundua mpwa wangu, yule binti wa Kidato cha Tatu, si mimi.

Kwanza ni lazima tuelewe kitu hiki kinaona nini. Wengi hudhani kinaona mwendo. Hakioni mwendo hata kidogo. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ya infraredi isiyoonekana kwa macho. Mwili wa mtu hutoa zaidi mionzi yenye urefu wa mawimbi wa karibu maikromita 9 au 10. Ndani ya kitambuzi mna vipande viwili vya mada ambayo hutoa chaji ya umeme joto lake linapobadilika. Tabia hiyo hupatikana hata katika jiwe la turmalini, ambalo wachimbaji wetu wa Simanjiro wanalijua vizuri. Vipande hivyo viwili vimeunganishwa kwa kupingana: joto likiongezeka kwa vyote kwa pamoja, vinafutana na kimya kinabaki. Ndiyo maana ukuta ukipoa polepole usiku kucha hakuna kinacholia. Lakini mtu akikatiza, joto lake hugonga kipande kimoja kwanza, kisha cha pili, na hapo ndipo tofauti inapotokea. Lenzi ile nyeupe ya plastiki imegawanywa vijisehemu vingi ili kuikata sehemu ya mbele katika vipande, kama vidirisha vilivyopangwa kuzunguka.

Kwa hiyo kinachoonwa ni tofauti ya joto inayohama. Likumbukeni neno hilo "tofauti", maana ndilo lililoniangusha. Nilikipima kitambuzi mchana wa Novemba, wakati kuta na ardhi vina joto linalokaribia la mwili wa mtu. Tofauti ilikuwa ndogo, kikawa hakinioni vizuri kwa mbali, nami nikakaza skrubu ya usikivu mpaka mwisho. Ilipokuja baridi ya Juni, ardhi ilipoa, na mwili wowote ulio hai ukawa kama moto gizani. Kitambuzi kile kile kilianza kuona mbwa na mbuzi waliopita njiani, mbali na banda. Skrubu ile ya usikivu huchukua tangu karibu mita 3 hadi mita 7, lakini vipimo hivyo havina maana kama hamkusema vilipimwa saa ngapi na mwezi gani. Kwa hapa kwetu Singida, pimeni usiku, mwezi wa baridi.

Nyuma ya bodi kuna skrubu mbili za rangi ya chungwa. Moja ni ya usikivu, nyingine ni ya muda ambao kitabaki kimewaka, kuanzia sekunde chache hadi dakika kama 5. Nimeona vijana wakigeuza hii ya pili wakidhani ndiyo ya usikivu, kisha wanalalamika kwamba kengele hainyamazi. Vile vile, kikipewa umeme, kinahitaji kama dakika moja ya kutulia, na katika dakika hiyo kinaweza kuwaka mara moja au mara tatu bila sababu. Hilo si kosa. Iambieni programu isubiri.

Sasa nije kwenye utafutaji. Kosa kubwa la mafundi, nami nikiwa wa kwanza wao, ni kuanza kubadilisha vitu ovyo: leo kapasita, kesho waya, keshokutwa kitambuzi kipya kutoka Kariakoo, na mwisho hujui ni lipi lililoponya. Binti alifanya tofauti. Alichukua daftari la hesabu, akachora safu: saa, upepo upo au haupo, nini kilikuwa kimetokea dakika moja kabla. King'ora tulikitoa ili majirani walale, tukaacha taa, rilei na moduli ya simu vikifanya kazi kama kawaida. Usiku wa kwanza tulihesabu mara 11. Asubuhi akaniletea daftari akasema, "Mjomba, haviji kimoja kimoja. Vinakuja viwili viwili, vitatu vitatu." Alikuwa na haki. Kikiwaka mara moja kwa sababu yoyote ile, kiliwaka tena muda mfupi baadaye, halafu tena. Kilikuwa kinajiogopa chenyewe.

Tukakifunika. Jaribio hili ni rahisi nami nawasihi mlifanye leo hii kwa kengele yenu: funikeni kitambuzi kwa boksi la katoni zito, kisha ngojeni. Kikinyamaza, ubaya uko katika kile kinachokitazama. Kikiendelea kulia kikiwa gizani ndani ya boksi, ubaya uko katika umeme wenu. Tumieni katoni, msitumie kopo la maziwa kama nilivyofanya mimi. Kopo la bati huzuia joto lakini huzuia na mawimbi ya redio pia, hivyo mtapata jibu la uongo. Chini ya kopo kilinyamaza nikafurahi. Chini ya katoni kililia.

Kwa nini mawimbi ya redio? Wahitimu mnakumbuka simu za mkononi zilipoanza kuenea, ukiiweka karibu na redio, redio ilikuwa ikitoa mlio wa trrr-trrr-trrr kabla simu haijaita. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Moduli ya simu inapotuma ujumbe hutoa mawimbi kwa vishindo, na kila kishindo kinaweza kunyonya hadi ampea 2 kutoka kwenye betri. Mimi nilikuwa nimeweka antena yake vidole vinne kutoka kwenye kitambuzi, nikavilisha vyote viwili kwa waya mmoja mwembamba. Mambo mawili yakawa yanatokea kwa wakati mmoja. Antena ilikuwa inakipigia kelele kitambuzi, na volti ilikuwa inashuka ghafla kisha inapanda. Sakiti ya ndani ya kitambuzi hukuza ishara ndogo sana mara nyingi mno, hivyo mtikisiko wowote hukuzwa nao. Basi: kengele inalia, ujumbe unatumwa, ujumbe unakitikisa kitambuzi, kengele inalia tena. Nyuki mmoja anaamsha mzinga, mzinga unamwamsha nyuki.

Tiba yake haikuwa ghali. Moduli ya simu tuliipeleka mita moja na nusu kutoka kwenye kitambuzi, tukaipa kipunguza volti chake peke yake, maana SIM800L inataka kati ya volti 3.4 na 4.4, na haipendi kugawana. Tukaweka kapasita kubwa ya mikrofaradi 1000 kwenye miguu yake ya umeme, na kwenye kitambuzi tukaweka ya mikrofaradi 220 pamoja na ndogo ya nanofaradi 100, karibu kabisa na miguu yake. Kapasita iliyowekwa mbali mwisho wa waya ni pambo. Kwenye koili ya rilei tukaweka diodi ya 1N4007, ile mstari wake ukielekea upande wa chanya. Mimi niliyefundisha vijana wangapi kazini kuweka diodi hiyo, nilikuwa nimeisahau! Koili inapokatwa umeme hurusha volti kubwa kinyume, na bila diodi volti hiyo hutembea kwenye waya zote. Mwisho, binti akaandika mistari miwili katika programu: baada ya rilei kuwashwa au kuzimwa, na baada ya ujumbe kutumwa, usimsikilize kitambuzi kwa sekunde 10.

Mkitaka kuhakikisha kwamba ubaya ni wa umeme, kipeni kitambuzi betri zake kavu nne peke yake, yaani volti 6, na kitaa kidogo tu mwishoni. Kwa kuwa kinakubali tangu volti 5 hadi 20, kitafanya kazi vizuri. Kikitulia kwa betri kavu na kupata wazimu kwa betri ya jua, mmeshamjua mchawi bila kwenda kwa mganga.

Tulipoondoa boksi, idadi ilikuwa imeshuka lakini haikuisha. Sasa tulikuwa tunatafuta kitu kinachoonwa. Cha kwanza kilikuwa taa yangu ya halojeni. Niliifunga mbele ya kitambuzi ili imulike mwizi. Taa hiyo ikiwaka hupata moto mkali, ikizimwa inapoa kwa haraka, na kupoa huko nako ni tofauti ya joto. Tukaweka taa ya LED, tena nyuma ya kitambuzi, na hapo kuwaka kule kwa mapacha kukaisha kabisa.

Cha pili kilikuwa gunia. Dada alikuwa ametundika gunia mlangoni kuzuia upepo. Jua la alasiri lilikuwa linalipiga, linapata joto, upepo unalipeperusha: kwa macho ya kitambuzi, hilo ni jitu la upana wa mlango linalocheza ngoma. Watu huniambia ni upepo unaowasha vitambuzi. Upepo wenyewe hauonekani sana. Unachofanya ni kuvitikisa vitu vyenye joto tofauti na vilivyo nyuma yake, na kupenya kwa nyuma ya kasha la kitambuzi na kukipoza ghafla. Tukalipigilia gunia misumari pande zote, na matundu ya nyuma ya kasha tukayaziba kwa gundi ya silikoni. Msizibe mbele. Na msiweke kioo mbele yake ili kukilinda na vumbi, maana kioo cha dirisha hakipitishi mionzi hiyo. Mtakuwa na kengele isiyolia bure wala isiyolia kwa haki. Lenzi yake ni ya plastiki maalumu iliyochaguliwa kwa sababu inapitisha. Ifuteni kwa kitambaa kikavu, basi.

Cha tatu nilikipata saa tano ya usiku kwa tochi. Mjusi. Alikuwa ametulia juu ya lenzi yenyewe, akingoja wadudu walioletwa na kitaa chekundu nilichokiweka ili kuonyesha kwamba mtambo unafanya kazi. Mjusi aliye sentimita moja kutoka kwenye lenzi anafunika sehemu kubwa kuliko mtu aliye mita tano. Kitaa tukakiondoa. Mjusi alihama mwenyewe, hakuwa na kazi tena.

Na cha nne, ndugu zangu, naomba msinicheke. Kuku. Mwili wa kuku una joto la karibu digrii 41, kutuzidi sisi wa digrii 37. Usiku hutulia juu ya fito, lakini hatulii kama jiwe: hugombea nafasi, hukunjua bawa, huanguka. Mimi, fundi wa miaka thelathini, nilikuwa nimefunga king'ora kinachowalinda kuku dhidi ya kuku. Tukakata tepu nyeusi ya mafundi umeme, tukaibandika juu ya vijisehemu vya lenzi vilivyoelekea kwenye fito, vikabaki vile tu vinavyotazama mlango na ujia. Tukakihamisha pia kitambuzi kikae ubavuni mwa mlango, mtu anayeingia akatize mbele yake badala ya kukijia moja kwa moja. Anayekijia uso kwa uso hubaki muda mrefu ndani ya kidirisha kimoja, na ndiye anayekiponyoka. Kwa hiyo kwa mwezi wa Novemba ule nilikuwa nimekikaza sana kwa sababu nilikuwa nimekielekeza vibaya. Tulipokielekeza vizuri tukaweza kulegeza usikivu hadi chini ya nusu, na kikamwona binti kila alipoingia, hata alipotambaa.

Nilijaribu pia kitambuzi cha aina nyingine, RCWL-0516, ambacho hutuma mawimbi ya redio ya karibu gigahezi 3 na kusikiliza yanavyorudi. Hicho hakijali joto wala mjusi. Lakini kinaona kupitia ubao na ukuta mwembamba, kwa hiyo kilimwona dada akipita nje, na upepo ulipoyatikisa mabati ya paa kikaona paa zima linatembea. Peke yake hakifai kwa banda la mabati hapa Singida. Hata hivyo kila kimoja kina wazimu wake, na wazimu wao haufanani. Tukaviweka vyote viwili, na programu ikatakiwa isikubali mpaka vyote viwili vimesema ndani ya sekunde 5. Kwa usiku kumi tuliobaki pale, vilikubaliana bure mara moja tu, alipoingia paka.

Nisije nikawakatisha tamaa vijana. Hata wataalamu wakubwa hawajamshinda adui huyu. Kule Serengeti watafiti waliweka kamera 225 zenye vitambuzi vya namna hii hii, zikipiga picha kila zinaposhtuka. Kati ya mwaka 2010 na 2013 zilipiga mafungu ya picha milioni 1.2. Watu wa kujitolea zaidi ya 28,000, kutoka pande nyingi za dunia, walikaa majumbani mwao wakizitazama moja moja. Mafungu yaliyokuwa na mnyama ndani yake yalikuwa 322,653. Fanyeni hesabu: ni zaidi ya robo kidogo tu. Nyasi za Serengeti zimepigwa picha nyingi kuliko simba.

Lakini wale wa Serengeti kengele yao ikilia bure wanapoteza picha. Kwa dada kilichopotea ni imani ya majirani, na hiyo haina kapasita. Tulipomaliza kazi nilitaka kukirudisha king'ora juu ya paa. Binti akakataa. Akasema, mjomba, hata kama kitalia mara moja kwa mwezi bure, hawatatoka. Yeye akapanga hivi: mtambo ukishtuka, kinalia kikengele kidogo chumbani kwa mama tu. Mama anaamka, anasikiliza, anachungulia dirishani. Akiona kuna jambo, anabonyeza kitufe, na hapo ndipo king'ora kikubwa kinalia. Dada alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaeleza majirani: kikilia sasa, nimekiliza mimi. Tazama, tukawa tumerudi kwa kiranja wa zamu na kipande chake cha reli. Mwaka 2022 kilipolia mara ya kwanza, saa nane ya usiku, walitoka watu tisa, na watu wawili walionekana wakikimbilia bondeni wakaacha tenga mlangoni. Tenga hilo dada anaatamishia kuku.

Kwa hiyo ninyi wa Klabu ya Sayansi: rudini na daftari, katoni, betri kavu nne na tepu nyeusi. Mfuko huu nilionao una kapasita, diodi na vitambuzi viwili. Namkabidhi mwalimu wenu wa fizikia, si ninyi, kwa sababu nakumbuka tulivyokuwa sisi. Na mwambieni mlinzi asiizime kengele leo. Muulizeni kwanza inalia saa ngapi; yeye ndiye daftari lenu la miezi yote iliyopita.



MASWALI

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne aliuliza kwa nini wasitumie kamera yenye akili bandia badala ya kuhangaika na tepu na katoni.

Jibu: Mnaweza, nami sipingi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba wameifundisha kompyuta kwa picha milioni 3.2 za mradi ule ule wa Serengeti, ikawa inawatambua wanyama kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 93. Lakini kamera iliyo porini haiwezi kukesha ikitazama, betri itakwisha. Kinachoiamsha ni kitambuzi kama hiki hiki chenu, na kikiwa kibovu kitaiamsha bure usiku kucha. Hata mkinunua kamera, mjusi atawangojeni pale pale.

Mhitimu mmoja wa miaka ya themanini aliuliza kama yule kijana mchungaji amepata kurudi.

Jibu: Hajarudi kukaa. Yuko upande wa Manyoni, ana familia. Dada alimfuata mwaka 2023 kwa basi, akampelekea jogoo na maneno ya kumwomba radhi kwa niaba ya wote. Jogoo alimpokea. Maneno, dada anasema, aliyasikiliza akiwa amesimama.

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliuliza: kitambuzi chao kiko getini na bodi iko maabara, waya ni kama mita 30, je, hiyo nayo inaweza kuwa sababu?

Jibu: Inaweza sana. Waya wa urefu huo ni antena. Ishara inayotoka kwenye kitambuzi ni volti 3.3 tu, na ikifika maabara imeshachanganyika na kila kelele ya njiani, hasa kama waya umepita sambamba na wa umeme wa taa. Wekeni rezista ya kiloomu 10 kutoka kwenye mguu wa kuingilia wa bodi kwenda kwenye hasi, ili mguu huo usielee. Waya wa ishara na wa hasi isokoteni pamoja, au tumieni waya wenye ngao na kuiunganisha ngao upande mmoja tu. Mkishindwa, ihamisheni bodi iende getini na mlete maabara ishara ya rilei peke yake. Ninazo mita kumi za waya wenye ngao kwenye gari; anayetaka anifuate baada ya chakula.